Zamu ya Kifungo

Katika karakana ile ya kushona sare, jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye daftari la mishahara tu. Kwingine kote aliitwa Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Alikuwa nayo akikagua nguo, alikuwa nayo akinywa chai, na mkewe aliapa kwamba hata siku ya harusi aliikuta chini ya tai. Hilo la harusi huenda lilitiwa chumvi. Lakini kwamba Futi alipima kila kitu, hapo hapakuwa na chumvi wala sukari. Alipima mlango kabla ya kununua kabati, akapima kabati baada ya kulinunua, na fundi akipotosha pindo kwa upana wa kucha, yeye aliliona akiwa bado mlangoni.

Aliingia pale akiwa kijana wa kufagia vipande vya vitambaa vilivyoanguka sakafuni. Akapanda hadi kwenye cherehani, kutoka cherehani hadi meza ya kukatia, na mwishowe akakabidhiwa usimamizi wa vyerehani kumi na vinne. Walishona mashati, sketi na kaptula za shule, na kila fundi alikuwa na sehemu yake: huyu mikono, huyu mifuko, yule vitundu vya vifungo. Kola zilishonwa na mama mmoja mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye wote walimwita Mama Kola. Huyu ndiye aliyemfundisha Futi kuzungusha uzi kwenye bobini, na kwa sababu hiyo alikuwa mtu pekee aliyeweza kumwambia neno lolote bila hata kuinua uso kwenye kazi yake.

Malipo yalikuwa kwa kipande. Futi alipokuwa msimamizi akaongeza jambo lake mwenyewe: kila Jumamosi, fundi aliyetoa vipande vingi zaidi visivyo na kasoro atapewa nyongeza. Alipanda juu ya kigoda akatangaza jina la mshindi, akapiga makofi na wengine wakapiga. Tajiri mwenye karakana alipenda sana mpango huo, na nani asingeupenda kama hela zinazotoka ni za mtu mmoja na jasho linaloingia ni la watu kumi na wanne?

Kuna kitu Futi hakukijua, nami nakisema mapema ili asije mtu akanidai baadaye. Wiki ya kwanza alishinda mshona mifuko, na wiki nzima iliyofuata hakuna aliyemwazima mkasi. Wiki ya pili akashinda mwingine, naye akanywa chai peke yake siku sita. Wiki ya tatu Mama Kola akawaita wenzake uani na kuwaambia kwamba kama mambo ndiyo haya, bora wagawane. Tangu siku hiyo nyongeza ikawa ya zamu, kwa kufuata viti. Mwenye zamu anakaza, wengine wanalegeza kidogo, na baada ya wiki kumi na nne kila mtu ameshapandishiwa kigoda. Futi akiona majina yanabadilika kila Jumamosi, alijua moyoni kwamba mafundi wake wote sasa wanakimbizana.

Nyumbani alikuwa na mke na watoto wawili, mapacha. Wa kwanza msichana, aliyemtangulia mwenzake kwa nusu saa na hivyo akawa dada maisha yake yote; wa pili mvulana. Wakitoka shule walipitia karakana, wakakaa mwisho wa meza ya kukatia na madaftari yao, wakimsubiri baba. Mafundi ndio waliowapa majina. Msichana alikuwa mwembamba na mkali wa macho, wakamwita Sindano. Mvulana alikuwa wa duara, mpole, mtu wa kucheka polepole, wakamwita Kifungo. Majina yakawaganda, hata mama yao akayatumia.

Sindano alikuwa na jambo lake. Alikusanya vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya paketi za dawa, akavisoma kama wenzake walivyosoma barua za mapenzi. Alijua dawa gani hainywewi na maziwa na ipi haimezwi mtu akiwa na njaa, na majirani walimletea chupa zao wamuulize. Alitaka kuwa mfamasia. Palikuwa na chuo kimoja kilichochukua wanafunzi arobaini kwa mwaka moja kwa moja kutoka sekondari, na tangu ana miaka kumi na miwili alisema ataingia humo. Hakusema akipenda Mungu wala akijaliwa, alisema ataingia.

Futi hakuwa mtu mbaya, na anayetaka kumchukia itabidi asubiri kidogo. Alipokuwa darasa la sita aliwahi kuwa wa kwanza, mara moja tu. Alitembea njia nzima na ripoti mkononi hadi kwa baba yake, aliyekuwa anatengeneza kiti. Baba akaisoma, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa kile kiti kuona kama kitaacha kuyumba. Kikaacha. Mwaka uliofuata mtoto aliacha shule na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Basi mapacha walipofika madarasa mawili ya mwisho ya sekondari, Futi aliamua kwamba alama za wanawe zitaonwa, zitashikwa na kulipiwa.

Utaratibu aliutoa kazini. Mwisho wa kila muhula mapacha wataleta ripoti, yeye atatazama wastani, na atakayempita mwenzake atachukua bahasha. Na bahasha yenyewe ilikuwa nono, robo ya mshahara wa fundi. Aliyebaki nyuma hapati kitu.

"Chanda chema huvikwa pete," alimwambia mkewe.

"Na vile vingine tuvikate?" mkewe akauliza. Alikuwa anapepeta mchele, na hakusimamisha ungo. "Kama una hela, baba watoto, wape wote."

"Nikiwapa wote nitakuwa nalipia mahudhurio."

"Walikaa tumboni mwangu miezi tisa wakigawana nafasi, hakuna aliyemlipa mwenzake. Leo unawatia ushindani wa nini?"

Futi akamjibu kwamba mambo ya tumboni na mambo ya duniani ni mbalimbali. Jibu hilo lilimfurahisha sana, akalirudia kesho yake karakanani, ambako jambo zima lilijadiliwa kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Mshona mifuko alisema ni sawa kabisa, mtoto akijua kitabu kina hela atakishika. Mama Kola alikataa.

"Mtoto halipwi kwa kusoma," alisema.

"Wewe ungekuja hapa bure, dada?" Futi akamuuliza.

"Nisingekuja. Lakini kola hizi si zangu, ni za tajiri, ndiyo maana ananilipa. Mtoto anachosoma ni cha nani? Ukimlipa unamwambia kwamba ni chako."

Wenzake wakacheka, na Futi akacheka nao, kwa kuwa neno likiwa zuri mtu hucheka hata kama linamlenga yeye. Lakini hakubadili kitu.

Muhula wa kwanza Sindano alipata wastani wa themanini na nane, Kifungo sabini na mbili. Futi alitoa bahasha mezani, akaamuru makofi. Kifungo alipiga kuliko wote. Siku mbili baadaye, wakiwa wanakula, baba mtu akaona noti zimechungulia kwenye mfuko wa shati la mwanawe.

"Hizo umezipata wapi?"

"Dada amenigawia."

"Amekugawia nini? Jasho lake?" Futi hakupaza sauti, alizungumza vilevile alivyozungumza na fundi aliyekosea. "Mrudishie. Siku ukishinda utakula chako."

"Ni zangu, baba, nimempa mimi," Sindano akasema.

"Na mimi nimesema arudishe."

Kifungo akazitoa. Zilikuwa zimekunjwa, akazinyoosha kwanza kwa kiganja, moja baada ya nyingine, akaziweka mbele ya dada yake. Sindano hakuzigusa. Zilikaa pale katikati ya sahani mpaka mama yao alipoondoa vyombo. Futi alilala vizuri siku hiyo, akijua amefundisha kitu, na kusema kweli alikuwa amefundisha.

Wiki iliyofuata, wakiwa mwisho wa meza ya kukatia, Sindano alimsikia mshona mifuko akiuliza, "Jumamosi hii ya nani?" Mama Kola akajibu, "Ya mshona pindo. Legezeni." Sindano akasogea akauliza maana yake, na Mama Kola, aliyempenda sana mtoto yule, akamweleza mambo yote kwa kunong'ona, kidole mdomoni, kana kwamba anamwonyesha mchezo. Njiani kurudi nyumbani Sindano akamwambia mdogo wake kwamba muhula ujao ni wa kwake.

"Siwezi kukupita, dada."

"Huna haja ya kunipita. Nitasimama."

Kifungo alikataa siku tatu. Siku ya nne akakubali, na sababu aliyoitoa ni kwamba hakutaka hela, alitaka tu kuona baba akimpigia makofi inakuwaje. Dada yake akamwambia kwamba mtihani utakaohesabiwa na chuo ni ule wa mwisho peke yake, huo hataulegeza hata kidogo, kwa hiyo hii mihula ya katikati ni mali yao wenyewe. Na kweli, tangu chuo kianzishwe, mtihani wa mwisho ndio uliotazamwa.

Muhula wa pili Sindano akapata sabini, Kifungo sabini na nne. Wa tatu msichana akapanda hadi themanini na sita, mvulana akashuka kidogo. Wa nne msichana akashuka tena, wa tano akapaa hadi tisini, wa sita sabini na moja. Bahasha ilihama mkono kwa mkono. Futi alimsema aliyeanguka na kumsifu aliyeinuka, kisha muhula uliofuata akabadilisha maneno yaleyale na kuwapa kinyume chake. Kazini alijisifu. "Huyu akipanda yule anashuka, yule akiona hivyo anapanda," aliwaambia mafundi. "Wanavutana." Mtu aliyeweza kuona pindo lililopotoka akiwa mlangoni aliangalia mihula sita iliyopangwa moja juu moja chini, wala hakuona chochote.

Mama Kola yeye hakusema neno. Huenda alishuku. Mwenyewe baadaye alisema hakushuku, na sina sababu ya kumwita mwongo.

Fomu za chuo zilipotoka mwaka ule, zilikuja na utaratibu mpya. Mtihani wa mwisho utachukua alama sabini katika mia, na thelathini zitatokana na wastani wa mihula yote sita. Sindano aliisoma fomu akiwa amesimama ubaoni pale shuleni. Aliisoma mara ya pili. Kisha akaenda nyumbani, akasoma miezi miwili na nusu kama mtu anayetaka kuziba shimo kwa kijiko. Hakumwambia mtu yeyote, hata Kifungo.

Mtihani wa mwisho alipata themanini na sita. Majina arobaini yakabandikwa, la kwake halikuwemo. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa na jumla ya themanini na tano. Yeye alikuwa na themanini na nne.

Futi aliaga kazini asubuhi ileile akaenda shule kugomba. Alikuwa na uhakika kwamba mtu amekosea kujumlisha. Mwalimu wa darasa, kijana mtaratibu, alimkaribisha kiti, akamwacha aseme mpaka akachoka, halafu akafungua kabati na kutoa karatasi za zamani za hesabu.

"Mzee, nami hili limenisumbua muda mrefu," alisema. "Tazama huu muhula wa pili. Maswali yote aliyofanya amepata, mawili ya mwisho hajayagusa. Meupe. Muhula wa nne, hivyohivyo. Wa sita, hivyohivyo. Na kwenye kemia ni vilevile. Mihula mingine hajaacha hata nukta."

"Muda ulimwishia," Futi alisema.

"Ndivyo alivyonijibu. Lakini alikuwa anaweka kalamu chini wenzake bado wana nusu saa."

Futi alizishika zile karatasi. Wa pili, wa nne, wa sita. Alikumbuka vizuri kabisa nani alipigiwa makofi mihula hiyo, na alikumbuka alivyosema, maana alimwambia msichana kwamba uvivu ni ugonjwa na tiba yake ni aibu. Akamshukuru mwalimu, akasahau kofia yake juu ya kiti, akarudi nyumbani kwa miguu.

Aliwakuta mapacha wote wawili kwenye chumba cha mbele. Sindano alikuwa anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Kifungo alikuwa amekaa tu. Futi akauliza ni nini kile cha maswali meupe, na msichana akaendelea kukunja.

"Ilikuwa zamu yangu, baba," Kifungo akasema.

"Zamu ya nini?"

"Ya kushinda."

Futi akauliza nani amewafundisha upuuzi huo. Mvulana akajibu kwamba wameujulia kazini kwake, akamweleza kuhusu Jumamosi na viti na kulegeza, yote, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba kitu. Kisha akasema jambo moja ambalo hakuulizwa.

"Mimi sijawahi kushinda hata siku moja, baba. Ulikuwa unampigia makofi yeye kwa kusimama."

Sindano alimwambia anyamaze. Akabeba zile nguo akaziingiza ndani. Futi alibaki amesimama, na kwa mara ya kwanza mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwona akivua futi shingoni bila ya kuwa na kitu cha kupima.

Kesho yake alimfuata Mama Kola kwenye cherehani chake. "Tangu lini?" akamuuliza.

"Wiki ya tatu."

Ilikuwa miaka tisa. "Miaka yote hiyo mnanichezea, dada?"

"Hatukukuchezea, mdogo wangu. Tulikuwa tunaishi. Watu wanaokaa benchi moja tangu asubuhi hawawezi kushindana halafu waazimane mkasi." Alikuwa tayari kusema zaidi, lakini alipoambiwa habari ya Sindano alisimamisha mguu, akavua miwani. "Lo. Mtoto aliniuliza nikamweleza kama mchezo. Sisi tulikuwa tunagawana posho, yeye alikuwa na chuo."

Futi alitamani amkasirikie, na angeweza, ila alijua kwamba huyu mama alitoa dawa tu. Ugonjwa aliuleta yeye mwenyewe, akausimamisha juu ya kigoda.

Saa ya chakula, mafundi walipotoka, alichukua chaki akafanya hesabu juu ya meza ya kukatia. Themanini na nane, sabini, themanini na sita, sabini na mbili, tisini, sabini na moja. Akazijumlisha, akagawa kwa sita, akachukua thelathini katika mia, akaongeza sabini katika mia za mtihani wa mwisho. Halafu akafanya tena, akiweka mihula ile mitatu kama ambavyo ingekuwa kama si yeye. Ilitoka themanini na sita na zaidi. Alirudia mara tatu akitumaini amekosea. Mtu wa vipimo hakosei pale anapotamani kukosea.

Alikwenda chuoni. Akaambiwa orodha imefungwa. Akauliza kuhusu kurudia mwaka. Akaambiwa mtihani unarudiwa, alama za mihula hazirudiwi, na chuo huchukua tu waliomaliza sekondari mwaka huohuo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Futi alikwenda kuyazoa mara nne, na mara ya nne karani alimwomba kwa heshima asirudi tena.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwa Futi yalikuja kabla hajawa na mjukuu hata mmoja, na yakakaa. Sindano alisoma kozi fupi, akapata kazi kwenye duka la dawa, nyuma ya kaunta. Mfamasia wa pale alikuwa kijana mdogo kuliko yeye, na mambo magumu alimuuliza Sindano kwa kunong'ona, halafu akasaini mwenyewe. Kifungo alijifunza ufundi bomba, akahamia mji wa mbali, akaoa huko. Alimpigia dada yake kila wiki. Baba yake alipata salamu kupitia kwa mama.

Miaka kumi na miwili ilipita hivyo. Futi alistaafu akiwa na shinikizo la damu na kiinua mgongo kidogo, na kila mwezi alikwenda kuchukua vidonge vyake kwa binti yake. Na kila mwezi, watu wakiwa hawapo, alimwomba radhi. Mara aliomba kwa mzaha, mara kwa kuzunguka, mara akianza na habari ya hali ya hewa. Sindano alimwambia yameisha, baba, na akambandikia maelezo ya dawa kwenye paketi kwa mwandiko wake mzuri. Lakini kwa Futi hayakuisha.

Asubuhi moja duka likiwa tupu, alisema tena. "Ile alama moja, mama, nitakwenda nayo kaburini."

Sindano alikuwa anahesabu vidonge kwenye kisahani. Akamaliza kuhesabu, akavitia kwenye kibahasha, ndipo akamtazama.

"Baba, ngoja nikwambie, maana umri unakwenda na wewe hunielewi. Ile mihula mitatu niliyompa mwenzangu sijaijutia hata siku moja. Ningempa tena. Kinachoniuma ni ile mitatu niliyochukua mimi. Nilikuwa nashika zile hela, yeye amekaa pale ananipigia makofi, na wewe unamwangalia kama kiti kibovu."

"Nilikuwa najaribu kumwinua."

"Najua. Alikuwa anapata sabini na tatu, baba. Kwa kichwa chake, zile sabini na tatu alizitolea jasho kuliko tisini zangu. Alikuwa anaamka kabla yangu. Uliwahi kumuuliza anaamka saa ngapi?"

Futi hakuwahi kuuliza. Alichukua vidonge vyake, akalipa, binti akakataa hela kama kawaida, naye akaziacha kaunta kama kawaida. Nje kulikuwa na benchi mbele ya duka la jirani, akakaa. Alikuwa amejutia alama moja kwa miaka kumi na miwili, kwa bidii, kwa uaminifu, kwa mtoto mmoja. Huyu wa pili, Futi hakuwahi kumwomba radhi. Hakuwahi hata kufikiri kwamba kuna kitu cha kuombea radhi, kwa sababu kwenye hesabu zake Kifungo hakupoteza kitu. Alikuwa amepata bahasha tatu za bure.

Akatoa simu. Ilimchukua muda kulipata jina, kwa sababu hakuwa amezoea kulitafuta. Ikaita mara nyingi kabla ya kupokewa.

"Baba? Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Mama mzima?"

"Mzima. Dada yako mzima. Wote wazima. Nimekupigia wewe."

Kwa mbali, upande wa pili, kulisikika maji yakichuruzika kwenye ndoo, kisha yakafungwa.

"Mimi?" Kifungo akauliza, na sauti yake, ya mtu mzima mwenye mke na watoto, ikawa ndogo. "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mwanangu," Futi akasema, na hakulijua neno linalofuata. Mwanawe naye hakulijua, wakabaki wote wawili wameshika simu.